Usiku Simu Yangu Ilipojiunga na Mtandao wa Meli

Nilipanda meli Barcelona nikiamini kwamba mtu aliyekataa kununua intaneti ya meli hawezi kudaiwa intaneti ya meli. Safari ilikuwa ya usiku saba, kupitia Marseille, Genova, Napoli na Valletta, kisha kurudi Barcelona. Pale mapokezi niliwekewa mbele yangu karatasi yenye vifurushi vitatu: cha ujumbe na mitandao ya kijamii, cha kuperuzi tovuti, na cha kutazama video. Kila kimoja kilihesabiwa kwa siku na kwa kifaa kimoja, na bei haikuwa ile niliyoiona kwenye tovuti yao wiki mbili kabla ya safari, kwa sababu anayenunua akiwa amekwisha kupanda hulipa zaidi ya aliyenunua mapema. Kifurushi cha siku moja kilikaribia thamani ya bando ninalotumia nyumbani kwa mwezi mzima. Niliirudisha ile karatasi na kwenda zangu chumbani.

Sikukataa kwa kutojali. Mdogo wangu wa kike alikuwa amebakiza siku chache kujifungua mtoto wake wa kwanza, na nilimwahidi kwamba nitapatikana kila siku. Hesabu yangu ilikuwa kwamba mchana meli itakapofunga gati nitawasha romingi, yaani ruhusa ya laini yangu kutumia mitandao ya kigeni, kwa dakika kumi, nisome ujumbe, nijibu, kisha nizime. Marseille nilifanya hivyo, isipokuwa jambo la mwisho. Nilisoma, nikajibu, nikapiga picha nyingi, nikarudi melini miguu ikiniuma, nikachomeka simu kwenye chaji kando ya kitanda na kulala bila kuzima chochote.

Asubuhi nilikuta ujumbe tatu kutoka kwa kampuni yangu ya simu. Wa kwanza, ulioingia kabla ya saa sita usiku, ulinikaribisha kwenye mtandao wa baharini. Wa pili, uliofika nusu saa baadaye, ulinitaarifu kwamba nimekaribia kikomo changu cha matumizi ya data nje ya nchi. Wa tatu ulisema kikomo kimefikiwa na huduma imesitishwa. Katika muda huo mfupi simu ilikuwa ikifanya ilichofundishwa, yaani kupakia picha na video za mchana kwenye hifadhi ya mtandaoni na kushusha masasisho ya programu ambazo hata sizitumii. Deni lile lilizidi bei ya kifurushi kikubwa kuliko vyote pale mapokezi, tena kwa safari nzima. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikizisoma tena na tena saa zilizoandikwa kwenye ujumbe ule, na kilichoniuma zaidi ni kwamba nililipa kiasi hicho chote bila kusikia hata neno moja la mdogo wangu.

Baadaye ndipo nilipoelewa ilivyotokea. Meli nyingi za utalii zina mitambo yake ya simu, antena ndogo zilizotandazwa kwenye korido na sitaha, na mitambo hiyo huunganishwa na nchi kavu kwa setilaiti. Meli ikiwa bandarini mtambo huzimwa, kwa kuwa pale pana minara ya nchi husika. Ikishatoka mbali na pwani huwashwa, na simu yenye romingi iliyo wazi huuona kuwa mtandao wa kigeni kama mitandao mingine, ikajiunga nao bila kumwamsha mwenyewe. Mtandao huo hauna uhusiano wowote na waifai ya meli wala vifurushi vyake. Mezani nilikuwa nikikaa na mzee mmoja wa Kiitaliano na mkewe, nao walidhani wamesalimika, kwa sababu tangu tarehe 15 Juni 2017 wenye laini za nchi za Umoja wa Ulaya hutumia simu zao katika nchi nyingine za umoja huo kwa bei za nyumbani. Kanuni hiyo inahusu minara ya nchi kavu. Setilaiti ya meli haimo, na yule mzee alipoambiwa hivyo aliweka uma chini, akatoa simu na kuanza kuizima palepale.

Nilikwenda kulalamika. Mapokezi waliniambia kwa upole kwamba wao wanauza waifai, na kwamba mambo ya laini niyapeleke kwa kampuni yangu ya simu. Kampuni ya simu nayo ilinijibu kwa barua pepe kwamba kuwasha romingi ni kukubali masharti. Siku ya kwanza abiria wote tulikusanywa na kufundishwa kuvaa jaketi la kuokolea na kufika kwenye kituo cha dharura, jambo la lazima na jema. Sioni kwa nini watu walewale, wakiwa wamesimama palepale, wasiambiwe kwa nusu dakika waweke simu zao katika hali ya ndegeni, ile inayokata mitandao ya simu, kabla meli haijang'oa nanga. Anayefaidika na ukimya huo si abiria.

Ni kweli kwamba mawasiliano ya baharini hayajawahi kuwa rahisi. Mwaka 1912 abiria wa Titanic walitozwa shilingi 12 na peni 6 za Uingereza kwa maneno kumi ya mwanzo ya salamu za simu ya upepo, na kila neno lililozidi liliongezewa bei. Lakini abiria yule aliandika maneno yake kwenye karatasi, akayahesabu, akajua analipia nini.

Aliyeniokoa ni kijana wa Kifilipino aliyekuwa akisafisha vyumba vya korido yetu. Alinikuta asubuhi hiyo nimeshika simu, akaniuliza kama ninaumwa, na nilipomweleza alitua rundo la taulo kitini na kuiomba simu. Aliweka hali ya ndegeni, kisha akawasha waifai peke yake, akanionyesha kwa kidole kwamba alama ya ndege imebaki juu ya kioo huku alama ya waifai ikiwa kando yake. Akasema kwamba kuanzia kamba zinapofunguliwa bandarini hadi zinapofungwa tena, alama hizo mbili ndizo pekee zinazotakiwa kuonekana. Baada ya hapo alifungua mipangilio na kuzima uhifadhi wa nakala, masasisho ya programu na upakuaji wa picha, kimoja baada ya kingine, kwa haraka ya mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo mara nyingi. Alinieleza pia kwamba programu ya meli yenyewe, yenye ratiba na ramani ya sitaha, inafunguka bila kifurushi chochote, na kwamba kifurushi cha kifaa kimoja kinaweza kuhamishwa: mtu anatoka kwenye simu, anaingia kwenye tableti, bila kulipa mara mbili.

Nilimuuliza amejifunzia wapi. Alikuwa na mwezi wa saba baharini na binti wa miaka minne nyumbani kwao. Mabaharia, alisema, katika meli nyingi nao hulipia intaneti yao, kwa hiyo hujifunza kila mwanya. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Baharini ulirekebishwa mwaka 2022, na tangu tarehe 23 Desemba 2024 unawataka wamiliki wa meli wawapatie mabaharia intaneti kadiri inavyowezekana, na kama ipo ada, basi iwe ya kiasi. Yeye alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kuzungumza na binti yake, abiria wakiwa wamelala na mtandao ukiwa mwepesi. Akanishauri nikifika bandarini nisiulize walipo watalii, nitazame wanakoelekea mabaharia waliovua sare, kwa sababu wanajua ni wapi intaneti ni ya bure au ya bei nafuu.

Genova niliitumia yote kwa kazi hiyo, na sina la kusema kuhusu makanisa yake. Nilifuata kundi la wapishi hadi kwenye mkahawa mmoja nyuma ya bandari, nikaingia kwenye waifai yao na kununua laini ya kidijiti ya Ulaya, ile inayopakuliwa badala ya kuchomekwa kadi. Hapo nilikwama. Benki yangu ilitaka kuthibitisha malipo kwa namba ya siri, namba hiyo ilitumwa kwa ujumbe mfupi kwenye laini yangu ya nyumbani, na laini hiyo nilikuwa nimeizima kwa hofu. Ilibidi niiwashe kwa simu na ujumbe tu, data ikiwa imefungwa, nisubiri namba, kisha niendelee. Kama ningeinunua na kuipakua nikiwa bado nyumbani, nisingepoteza saa mbili. Simu nayo lazima iwe haikufungiwa kampuni moja, la sivyo laini ya namna hiyo haikubali. Ilipowaka, bando la siku saba kwa nchi zote za safari yetu lilikuwa limenigharimu pungufu ya siku moja ya intaneti ya meli.

Napoli meli hufunga gati karibu kabisa na ngome ya Castel Nuovo. Nilikaa juu ya ukuta mfupi nikiitazama ngome hiyo, nikampigia mdogo wangu kwa video, akanionyesha begi la hospitali alilokwisha kulipanga. Jioni tuliondoka. Baada ya chakula cha usiku moyo ulikataa kutulia, nikanunua kifurushi cha siku moja, kile cha ujumbe, cha chini kuliko vyote. Saa tatu usiku shemeji yangu aliandika kwamba wamekwenda hospitali. Saa nne ukaingia ujumbe wa sauti wa sekunde hamsini, nao haukufunguka.

Naukumbuka ule mviringo mdogo uliokuwa ukizunguka pembeni mwa ujumbe. Ulijaa robo, ukasimama, ukarudi mwanzo. Nilipanda sitaha ya juu, nikashuka kwenye ngazi, nikasimama mlangoni mwa maktaba, mahali pote ni uleule. Setilaiti za zamani zinazohudumia meli hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, kiasi kwamba mawimbi kwenda na jibu kurudi huchukua kama nusu sekunde, na njia hiyo moja hugawanywa kwa maelfu ya abiria ambao wote, baada ya chakula cha usiku, wamelala vitandani na simu mikononi. Mwaka 2022 kampuni ya meli za utalii ya Royal Caribbean ilitangaza kufunga intaneti ya setilaiti ya Starlink, ambayo setilaiti zake wakati huo zilikuwa kwenye kilomita 550 hivi, na kampuni nyingine zikafuata. Meli yetu ilikuwa bado kwenye mtindo wa kale. Nilimwandikia shemeji aandike kwa maneno. Hakujibu. Nilikumbuka jinsi nyumbani tunavyotumiana sauti kwa uvivu wa kuandika, hata kwa jambo la maneno mawili, na kwamba sikuwahi kuwaambia kwamba baharini maneno hupita pale sauti inapokwama.

Kijana wa taulo alinikuta koridoni karibu na usiku wa manane. Akaniambia nilale, niamke alfajiri, kwa sababu kabla ya jua kuchomoza tutapita Mlango wa Bahari wa Messina, kati ya Sicily na Italia bara, ambao mahali pake pembamba ni kama kilomita tatu tu. Pale minara ya pande zote mbili inafika melini.

Saa kumi na moja nilikuwa sitahani nimejifunika blanketi la kitandani. Taa za nchi kavu zilionekana kulia na kushoto. Nilitoa hali ya ndegeni, mkono ukitetemeka kidogo kwa kumbukumbu ya Marseille, nikachagua mtandao wa Kiitaliano kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague, na laini ya kidijiti ikashika. Ujumbe wa sauti ulifunguka papo hapo. Shemeji alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja: mtoto wa kiume, mama hajambo. Nilipiga. Nilizungumza na mdogo wangu dakika kumi na moja, taa za Messina zikinipita taratibu, na sauti yake ilipoanza kukatika nilimuaga kwanza, kisha nikarudisha alama ya ndege kabla mnara wa mwisho haujapotea.

Valletta tulikaa siku moja na nusu, mji mzuri, bando la Ulaya likifanya kazi kila kona. Siku ya mwisho ilikuwa ya bahari tupu. Nilinunua tena kifurushi cha ujumbe cha siku moja na kukifungua saa kumi na moja alfajiri, nikakuta picha mpya: mdogo wangu ameandika kwamba mtoto amefumbua macho. Yule kijana alikuwa akipita na rundo lake la taulo, nikamwita. Picha ilianza kufunguka kutoka juu, mstari kwa mstari, kitambaa cheupe kwanza, kisha paji la uso, kisha jicho moja lililo wazi. Alisimama kando yangu bila kusema neno, taulo zikiwa zimemfika kidevuni, mpaka uso wote ulipokamilika.