Kokateli: soma kishungi kwanza, mkono baadaye

Wengi wanaonunua kokateli, kasuku mdogo mwenye kishungi cha manyoya kichwani, Kisumu au Nakuru wamewahi kufuga kuku, na taabu huanzia hapo. Kuku hushikwa: unamvizia, unambana mabawa, basi. Ukimshika kokateli hivyo hata mara moja, umejirudisha nyuma wiki kadhaa. Ndege huyu ana gramu 80 hadi 100 tu, na kwao Australia huwindwa na mwewe, hivyo hajui maana nyingine ya kubanwa isipokuwa kuliwa. Kazi yote ya kumzoeza ni kumfanya aamini kwamba mkono huleta chakula na haufungi.

Bahati nzuri, hafichi hali yake. Kishungi kikisimama wima na mwili ukikakamaa, ameshtuka au anachunguza jambo; subiri. Kikilala nyuma kwa ulegevu, ncha zikiwa zimeinuka kidogo, ametulia, endelea. Kikibanwa bapa kichwani, mdomo ukiwa wazi na sauti ya kufoka, ana hofu au hasira, na kinachofuata ni kuuma. Anayelalamika kwamba ndege wake anauma bila sababu kwa kawaida hajakitazama kishungi.

Mahali pa kizimba pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Kiwe sebuleni, kimo cha kifua, upande mmoja ukiegemea ukuta ili asihisi anazungukwa, na kisipigwe na jua la mchana, kwa kuwa Kisumu nyuzi 30 ni jambo la kawaida. Nafasi kati ya nyaya isizidi sentimita 1.5. Kwa vijiti vya kusimamia, tawi la mpera lenye unene wa sentimita 1.5 hadi 2 linafaa sana. Usikate tawi la avokado hata kama mti uko hapo uani: tunda na majani yake ni sumu kwa ndege. Kiwe mbali na jikoni pia. Moshi wa jiko la makaa humdhuru, na sufuria zile zisizoshika chakula zikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke usiouona, ambao unaweza kumuua kwa dakika chache. Dawa ya mbu ya kuchoma na ile ya kupuliza ziache kabisa. Tumia neti, ila isiguse nyaya, maana kucha hunasa.

Siku 3 hadi 7 za kwanza usimguse. Badilisha maji na chakula taratibu kwa saa zilezile, keti karibu, ongea kwa sauti ya kawaida. Akianza kula na kujichambua manyoya huku unamtazama, yuko tayari.

Hapo ndipo wimbi, ile nafaka ya uji, linapoingia, tena likiwa kwenye suke. Sokoni utalipata limeshapurwa, kwa hiyo mwombe mkulima wa Busia au Kisii akuwekee masuke wakati wa mavuno. Yakauke vizuri, kwani yenye ukungu humdhuru ndege. Kanuni ni kwamba wimbi halikai bakulini kamwe. Linatoka mkononi mwako tu. Fanya zoezi asubuhi kabla ya chakula chake cha kawaida, dakika 10, kisha tena jioni. Kumshindisha njaa ili akubali ni ukatili, na mwili mdogo hivyo hauna akiba.

Anza kwa kupenyeza suke lenye bua refu katikati ya nyaya. Akila bila kusita, shika karibu zaidi na punje. Kisha fungua mlango, mkono ubaki mlangoni. Mwisho weka suke nyuma ya kidole chako cha shahada, ili asilifikie bila kukikanyaga. Kidole kiwe mlalo, kiguse tumbo chini, juu kidogo ya miguu, nawe useme "Panda." Mara nyingi atakigusa kidole kwa mdomo kabla ya kupanda. Huko si kuuma, anapima kama kinamudu uzito wake. Ukiruka na kuurudisha mkono, umemfundisha kwamba kidole hakiaminiki. Akiuma kweli, usipige kelele. Shusha mkono polepole, na kesho rudi hatua moja.

Akipanda vizuri, mtoe kwenye chumba kidogo: madirisha yamefungwa, feni imezimwa, kioo kimefunikwa, na ndoo za maji zina vifuniko. Kumkata manyoya ya mabawa siungi mkono. Huko ni kumnyima njia ya kukimbia tu, hofu yake inabaki palepale.

Mkune kichwani na mashavuni, basi. Kumpapasa mgongo humwamshia hamu ya kuzaa, na jike hutaga hata bila dume. Yai likimkwama anaweza kufa. Taa kali za usiku huongeza tatizo hilo. Hapa kwetu ikweta mchana una urefu wa kama saa 12, lakini televisheni huurefusha, kwa hiyo funika kizimba saa moja jioni. Mpe jike maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa.

Kinda aliyelishwa kwa mkono, wa wiki 8 hadi 10, huzoea upesi. Mkubwa aliyetoka kwenye banda la wengi huhitaji miezi. Ukinunua wawili, mzoeze kila mmoja peke yake, la sivyo watatoshana wenyewe.

Kokateli pia hupata hofu ya usiku, na mvua ya radi ikipiga mabati ni chanzo kimojawapo. Mwachie taa hafifu. Ukimsikia akijipigapiga kwenye nyaya, washa taa na uongee naye, usiingize mkono. Akitulia, kagua mabawa. Ukiona unyoya unavuja damu, bandika unga wa ngano na ubane kwa kitambaa safi. Damu isipokoma baada ya dakika chache, mpeleke kwa daktari wa mifugo.