Kengele ya jikoni imelia tena

Miezi minne nimekuwa na hii kitu mezani na juzi hatimaye ikalia, nikakaa tu nikiiskiza.

Kwa wenye hawajawahi kuiona, ni sanduku bapa la mbao ya mahogani, mbele lina kioo, na kwa kioo kuna vidirisha sita vyenye majina ya vyumba yameandikwa kwa rangi ya dhahabu. Mtu akiwa sebuleni anabonyeza kidude ukutani, kengele inalia jikoni, alafu kibendera cha hicho chumba kinaanza kubembea ndio mfanyakazi ajue ameitwa wapi. Kengele ni moja kwa nyumba nzima. Yangu ilitoka kwa nyumba ya zamani ya wazungu huko Kilimani, imebomolewa maghorofa yajengwe, nikaipata kwa jamaa anauza milango na madirisha ya nyumba zilizovunjwa, yeye alidhani ni fremu ya picha.

Ndani si vitu vingi. Kila kibendera kina koili yake, yaani waya umezungushwa mara nyingi, stima ikipita koili inakuwa sumaku inavuta kipande cha chuma chenye kimeshika kibendera, ukiachilia kidude sumaku inaisha na kibendera kinabaki kikibembea. Koili nne zilikuwa sawa kwa mita. Ya tano ilikuwa imekatika pale waya unatokea, waya mwembamba kama unywele, umekuwa kijani kwa kutu, na ile hariri wameuzungushia ikawa vumbi nilipoigusa. Nikakwangua na wembe pole pole, nikasoda kipande kipya. Ya sita ilikatika ndani kabisa, hiyo nilifungua yote nikazungusha upya kwa mkono, wikendi mbili zikaisha hivyo.

Fundi mmoja wa vifaa vya stima pale Luthuli Avenue mjini aliniambia niweke tu transfoma nimalize, nikakataa. Transfoma peke yake inatoa stima ya kwenda na kurudi, koili zingenguruma tu, na hizi vitu zilitengenezewa betri, zile seli za Mfaransa Leclanché za 1866, chupa ya kioo yenye zinki, kaboni na maji ya chumvi ya amonia, kama volti 1.5 kila moja. Mawe ya redio ya kawaida ni uzao wa hiyo seli, ile fimbo nyeusi tulikuwa tunatoa kwa mawe yamekufa tukiwa watoto ndio kaboni yenyewe. Kwa hivyo mawe manne makubwa, volti 6, basi.

Sasa Babu. Babu alikuja Nairobi 1957 akaanza kama toto wa jikoni kwa nyumba moja Muthaiga, na hapo ukutani kulikuwa na sanduku kama hili. Nikamwita aone. Nikabonyeza, kengele ikalia, kibendera kikabembea kama sekunde tano kikatulia. Nikamwangalia nikingoja aseme imeweza.

“Hapana. Hii inasimama haraka.”

“Lakini Babu si inafanya?”

“Inafanya kwako kwa sababu umeketi mbele yake. Mimi nilikuwa nje napasua kuni. Unaskia kengele, unaweka shoka chini, unapangusa mikono, unakimbia. Ukipata kimesimama utaenda chumba gani? Utagonga mlango kwa mlango, na kila mlango ni matusi.”

Kusoma hakuwa anajua wakati huo. Alijua tu kwa nafasi, cha kwanza kushoto ni mlango wa mbele, cha mwisho ni chumba cha memsahib. Hii kitu nimeisoma sana na hakuna siku nilifikiria urefu wa kubembea ulipimwa na umbali wa mtu anayeitwa.

Usiku huo nikavitoa vibendera vyote. Kumbe mafuta ya zamani yalikuwa yameganda pale vinaning'inia, nimeyaosha na petroli na sikurudisha mafuta yoyote. Sai vinabembea karibu nusu dakika.

Asubuhi Babu akatoka na fimbo yake hadi kwa tangi la maji, akapiga kelele nibonyeze. Nikabonyeza cha memsahib. Akaja kwa mwendo wake wa sasa, akaingia, akainama kwa kioo. Kilikuwa kimechoka lakini kilikuwa bado kinasogea.

“Sasa ndio hiyo,” akasema.

Kile cha mlango wa mbele bado kinakwama kidogo, nitakiangalia Jumamosi.