Peptidi ya kuzuia ilivyonisaidia kuijua aromatasi yangu

Kwa anayefuatilia aromatasi, kimeng'enya kinachogeuza homoni za androjeni kuwa estrojeni, kondo la nyuma ni hazina. Kimejaa humo. Shida ni kwamba humo humo imejaa damu ya mama, na hiyo ndiyo iliyonitoa jasho kwenye utafiti wangu wa uzamili hapa Upanga, nikitumia tishu zilizotolewa kwa ridhaa ya akina mama waliojifungua.

Aromatasi ina asidi amino 503, na kwenye jeli, inayotenganisha protini kwa uzito, hukaa karibu na kilodaltoni 55 (kipimo cha uzito wa molekuli). Protini za kwenye jeli huhamishiwa kwenye utando, kisha kingamwili ya kwanza inashika aromatasi, na ya pili inaishika ile ya kwanza ili ionekane kama mstari. Mimi niliona mistari mitatu: mmoja hapo, mwingine mnene kwenye 50, na mwembamba karibu na 40. Ule wa 55 na wa 50 ilibanana kama abiria wa daladala ya Mbagala jioni. Sasa wangu ni upi?

Nikaagiza peptidi ya kuzuia, yaani kile kipande kifupi cha protini alichochomwa sungura hadi akatengeneza kingamwili. Ukikichanganya mapema na kingamwili hiyo, kinawahi kukaa pale ambapo protini ingeshikwa, na mstari wake unapotea. Yangu ilikuja kama unga mkavu, kwa hiyo kuchelewa forodhani hakukunitisha. Nilichohofia ni unyevu wa masika. Fundi sanifu wetu alishaniambia: "Dada, ukikitoa friza kiache kwanza baridi liishe. Ukifungua papo hapo, unga unakunywa maji ya hewani." Nikakiacha mezani hadi umande wa nje ukakauka, ndipo nikayeyusha na kugawa kwenye vichupa vidogo vya kutumia mara moja, visije vikaganda na kuyeyuka kila siku.

Peptidi niliweka mara 5 ya uzito wa kingamwili. Inaonekana kidogo, lakini kwa kuwa peptidi ni nyepesi mno, kwa idadi ya molekuli ni mamia kwa moja. Kichupa cha pili kilipata kingamwili ileile na bafa tupu, yaani kimiminika kisicho na peptidi. Vikalala kwenye friji, nyuzi 4. Asubuhi nikavimimina juu ya vipande viwili vya utando mmoja, sampuli ileile, na picha nikapiga kwa pamoja. Ukipiga kila kipande kwa muda wake, hujalinganisha kitu.

Wa 55 na wa 40 ikatoweka. Wa 50 ukabaki vilevile, na ulijitokeza hata kwenye kipande ambacho sikukitia kabisa kingamwili ya kwanza. Basi ilikuwa kingamwili ya pili inashika kingamwili za mama, ambazo mnyororo wake mzito, yaani kipande chake kikubwa, una kilodaltoni kama 50. Nikasuuza tishu zaidi kwa maji baridi ya chumvi kabla ya kusaga, nikatafuta kingamwili ya pili iliyochujwa dhidi ya protini za binadamu. Ukafifia hadi ukawa kivuli.

Kuhusu ule wa 40, wengi wangesema umezuiwa, kwa hiyo ni halali. Sikubaliani. Peptidi inathibitisha tu kwamba kingamwili imeshika kwa mdomo wake, yaani pale inaposhikia shabaha. Haisemi imeshika protini ya nani. Protini nyingine yenye kipande kinachofanana nayo ingetoweka vilevile. Nikajaribu kingamwili nyingine, iliyotengenezwa kwa sehemu tofauti ya aromatasi, na yenyewe ikaonyesha wa 55 peke yake. Huo ndio niliopima. Wa 40 sikuuhesabu, ila kwenye tasnifu nimeweka picha ya utando mzima, nao umo.