Kocha apimwe kwa vijana alionao, sio kwa ushindi mtupu

Kila ikifika Novemba kule Marekani makocha wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo wanaanza kufukuzwa na mjadala unakuwa ule ule, kashinda ngapi kapigwa ngapi, basi, hukumu imepita. Mi hii kitu inaniuma kweli. Ushindi tisa wa kocha mwenye vijana waliogombaniwa na kila chuo kikubwa na ushindi tisa wa kocha aliyekusanya wale walioachwa na wengine havilingani hata kidogo, na ukiviweka kwenye mizani moja unamwonea mtu anayejua kazi yake.

Kwa asiyefuatilia sana, iko hivi. Vijana wakiwa bado sekondari wanapewa nyota na mitandao kama 247Sports na Rivals, mwisho nyota tano, na hao wa tano ni wachache mno, 247Sports kwa mwaka wanatoa kama 32 hivi kwasababu ndo idadi ya raundi ya kwanza ya drafti ya NFL, yaani pale ligi ya kulipwa inapochagua vijana kutoka vyuoni. Alafu vyuo vinapangwa kwa nguvu ya usajili. Na wanaosema nyota ni upuuzi hawako sahihi, kwa miaka mingi bingwa wa taifa alikuwa anatoka kwenye timu ambazo zaidi ya nusu ya vijana waliosajiliwa ni wa nyota nne na tano. Hadi juzi juzi hapa, ntafika huko.

Sasa tuanze na kocha Jimbo Fisher. Chuo cha Texas A&M walimchukua na mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 75, na kwenye kusajili jamaa alikuwa moto, usajili wake wa 2022 ulishika namba moja nchi nzima na ile ya nyuma yake nayo ilikuwa kwenye kumi bora. Septemba 10 mwaka huo huo wakawaalika Appalachian State nyumbani, chuo kidogo ambacho kililipwa dola milioni 1.5 kuja kucheza, na wageni wakashinda 17 kwa 14. Ukiangalia ile mechi vizuri wala haikuwa bahati. App State walikaa na mpira zaidi ya dakika 41 kati ya 60, wakawa wanasukuma taratibu yadi mbili tatu, yadi nne, muda unakatika, na A&M na vipaji vyao vyote wakasonga mbele yadi 186 tu mechi nzima. Vijana wa nyota nne na tano walikuwa wamesimama pembeni wanaangalia mpira. Msimu ukaisha ushindi 5 vipigo 7, na Novemba 2023 wakamfukuza kwa kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili tu asiendelee kufundisha.

Halafu kuna Bill Snyder wa Kansas State. Anaingia 1989 anakuta timu imemaliza misimu miwili mfululizo, 1987 na 1988, bila kushinda mechi hata moja, na pale Manhattan, Kansas, hakuna kijana wa nyota tano anayeota kwenda. Yeye akaenda kuchukua wachezaji kwenye vyuo vya miaka miwili, watu ambao wenzake walikuwa wanawapita tu, akawapa mfumo unaowafaa, na ilipofika 1998 wakamaliza ratiba ya kawaida 11 bila kupoteza. 2003 kwenye fainali ya Big 12, ligi waliyokuwa wanacheza, wakawakuta Oklahoma namba moja nchini, hawajafungwa msimu mzima, wakawapiga 35 kwa 7. Huyu hajawahi kubeba ubingwa wa taifa na kuna watu kwa sababu hiyo hawamtaji kabisa kwenye makocha wakubwa, mi namweka juu kabisa.

Ila kuna upande mwingine ambao watu wa hoja yangu huwa wanaukimbia. Nick Saban alibeba mataji sita pale Alabama, na karibu kila mwaka usajili wake ulikuwa wa juu kabisa, kwa hiyo ukimpima kwa tofauti ya matokeo na kipaji utamkuta yuko sawa tu na alichotarajiwa. Huo ni uonevu mwingine! Wale vijana hawakuletwa na upepo, yeye ndo aliwafuata majumbani kwao, akakaa na mama zao, akawashawishi. Kusajili ni nusu ya kazi ya kocha wa chuo. Kwa hiyo mi naona ziwe hesabu mbili tofauti kabisa, moja ya kupata wachezaji na nyingine ya kuwatumia. Fisher kwenye ya kwanza anapasi vizuri sana na kwenye ya pili akiwa A&M anafeli, Snyder kinyume chake, Saban anafaulu zote mbili.

Na hata hiyo hesabu ya pili inaficha mambo. Chukua Kirk Ferentz, yuko Iowa tangu 1999, karibu kila mwaka anatoa zaidi ya nyota alizosajili, George Kittle alifika pale bila vyuo vikubwa kumgombania na leo kila anayefuatilia NFL anamjua. Lakini 2023 mtoto wake Brian, aliyekuwa anasimamia mashambulizi, aliwekewa kwenye mkataba kabisa kwamba timu ifikishe wastani wa pointi 25 kwa mechi, haikukaribia, na bado wakashinda mechi 10. Ulinzi ulibeba kila kitu. Jumla inaonyesha kocha kazidisha, ukifungua ndani unakuta nusu ya timu imezidisha na nusu imelala.

Haya, Curt Cignetti, kocha wa Indiana. Indiana 2023 ilikuwa ushindi 3 vipigo 9, na kihistoria ni chuo kilichopoteza mechi nyingi kuliko karibu wote. Akaja kutoka chuo cha James Madison na wachezaji wake zaidi ya kumi, 2024 wakaenda 11 na 2, na msimu wa 2025 wakashinda zote 16, wakawapiga Alabama 38 kwa 3 kwenye Rose Bowl, mechi ya robo fainali, na kumalizana na Miami 27 kwa 21 kwenye fainali ya taifa. Kwa nyota za sekondari hiyo timu haikutakiwa hata kuwa kwenye mazungumzo. Lakini nyota za sekondari ni za kijana wa miaka 17, na wale wa Indiana wengi walikuwa watu wazima wa miaka 22, 23, wameshacheza mechi nyingi na Cignetti alikuwa ameona kazi yao kwa macho yake. Kotabeki wao, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, Fernando Mendoza, alitokea chuo cha California, akabeba Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Kwa hiyo kipaji kilikuwepo, kipimo ndo kilikuwa kimechelewa. Tangu 2021 uhamisho umekuwa rahisi, na ukitaka kumpima kocha haki inabidi uangalie kikosi alichonacho msimu huo, kila mmoja amefanya nini chuoni, sio aliitwaje akiwa sekondari. Na uchukue miaka minne, mwaka mmoja kotabeki anaumia na kila kitu kinaharibika.

Kilichobaki sasa ni hela. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kulipa wachezaji moja kwa moja, mwaka wa kwanza mwisho ulikuwa kama dola milioni 20.5 kwa michezo yote ya chuo, na nje ya hapo kuna malipo ya wafadhili. Timu iliyonunua mstari mzima wa mbele na timu iliyoshindwa kumbakiza kotabeki wake zinaweza kuonekana sawa kwa nyota, na makocha wao wanahukumiwa kama vile wana kikosi kimoja. NFL mshahara wa kila mchezaji unajulikana, huku kwenye vyuo malipo ya mchezaji mmoja mmoja ni siri. Nataka hizo namba ziwekwe wazi, mchezaji kwa mchezaji, kabla hawajaanza tena kufukuza watu Novemba.