Bibi yangu alivyopata kitambulisho cha matibabu ya wazee, baada ya kuambiwa ana miaka 54

Watu wasiopungua wanne waliniambia kwamba kitambulisho cha matibabu bure kwa wazee hakipatikani bila kumjua mtu wilayani, na mmoja wao, ndugu yangu wa damu, alinishauri niandae elfu hamsini ya kumpa huyo anayeshughulikia. Ushauri wa namna hiyo ulinipotezea karibu miezi mitano. Bibi yangu amekipata kitambulisho chake, na hakuna aliyehongwa hata shilingi moja.

Bibi anaishi katika kijiji kilichopakana na shamba la mkonge mkoani Tanga, ambako alifanya kazi ya kuanika singa, yaani nyuzi za mkonge, tangu ujana wake hadi mgongo ulipomkatalia. Ana presha na kisukari, na dawa zake za mwezi zilikuwa zikinigharimu kati ya elfu kumi na tano na thelathini, kutegemea zahanati ina nini na duka linauza kiasi gani. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na wazee wasiojiweza wanapaswa kutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Hayo niliyajua, lakini mahali pa kuanzia sikupajua.

Nilianzia juu, kama nilivyoshauriwa. Nilimwamsha alfajiri, akavaa kanga aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya Idi, tukapanda bodaboda hadi barabarani na kutoka hapo gari hadi wilayani. Alikaa kwenye benchi hadi adhuhuri, miguu imevimba, huku akikataa kula kwa kuhofia kwamba zamu yetu ingepita akiwa ameondoka. Tulipoitwa, kijana aliyekuwa mezani alikitazama kitambulisho chake cha taifa, akatazama kalenda ukutani, akasema kwa upole kabisa, "Bibi huyu ana miaka 54." Kitambulisho kilionyesha kuwa amezaliwa mwaka 1969. Aliyemjazia fomu wakati wa uandikishaji alikuwa jirani, ambaye alikadiria tu, na bibi hasomi. Akanigeukia na kuniuliza, "Mwanangu, wamesema nini?" Nilishindwa kumjibu mpaka tulipokuwa tumefika nje.

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na lake. Kuna aliyesema nimpeleke TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, kana kwamba TASAF ni dirisha la kwenda kujiandikisha siku yoyote, ilhali kaya hutambuliwa kwenye mkutano wa kijiji wakati wa uandikishaji, kisha zikahakikiwa. Mwingine alisema nisubiri hadi tarehe irekebishwe kwenye kitambulisho. Presha haisubiri marekebisho.

Aliyenifungua macho ni mwenyekiti wa kitongoji, mzee ambaye hata sikuwa nimemwendea kwa jambo hilo. Alinikumbusha kwamba kijiji chenyewe kina halmashauri yake, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, na kwamba hao ndio wanaopaswa kusema nani ni mzee na nani hajiwezi, kwa kuwa ndio wanaoishi naye. Wilayani wanathibitisha kilichoandikwa kijijini. Sisi tulikuwa tumekwenda mikono mitupu kuwaomba watu wasiomjua bibi wamtambue.

Basi nikaanza kutafuta ushahidi wa umri, na sehemu hii naisimulia kwa fahari. Kwenye sanduku la bati la marehemu baba yangu, ambaye ndiye mtoto wake wa kwanza, nilikuta cheti cha darasa la saba, kimekunjwa mara nne na kuliwa na mende pembeni, lakini mwaka wa kuzaliwa unasomeka vizuri: 1966. Kwa hiyo, kama bibi alizaliwa mwaka 1969, alimzaa baba yangu miaka mitatu kabla ya yeye mwenyewe kuja duniani. Ushahidi wa pili ulikuwa bora zaidi. Bibi ana rafiki aliyechezwa naye unyago. Nilimwomba aje mbele ya baraza la wazee la kijiji, naye akaeleza, bila kuulizwa mara mbili, kwamba usiku bendera ya Uhuru inapandishwa wao wawili walikuwa wali, yaani wasichana walio unyagoni, wamewekwa ndani, na kwamba walizisikia ngoma na vigelegele wasiruhusiwe kutoka kwenda kuangalia. Uhuru ni tarehe 9 Desemba 1961. Wazee wawili wa kiume walitikisa vichwa kukubali, kwa sababu nao waliikumbuka nyumba yenyewe.

Mtendaji wa kijiji aliandika muhtasari, akaambatanisha nakala ya cheti, na bibi akaapa kiapo cha umri mahakamani. Kata ilichukua siku moja. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya alisoma zile karatasi zote, akauliza maswali mawili kuhusu kipato na nani anamtunza, akatupa fomu. Gharama ilikuwa nauli, nakala, picha na ada ya kiapo, jumla haikufika elfu arobaini. Kuna mtu njiani alitaka pesa ya karatasi; nilimwomba stakabadhi, naye akaacha kudai.

Laiti ningelijua mapema kwamba hospitali za wilaya zina afisa ustawi wa jamii, na kwamba mgonjwa asiye na uwezo anaweza kupelekwa kwake akafikiriwa msamaha wa siku hiyo hata kabla ya kuwa na kitambulisho chochote! Mwezi wa pili wa mahangaiko yetu tuliuza mbuzi kwa sababu hatukulijua hilo.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba kadi huleta dawa. Kumwona daktari na vipimo sasa halipi, lakini dawa ikikosekana zahanati bado tunanunua dukani, na hilo linaniuma, kwa kuwa haki ya mzee haipaswi kuishia kwenye karatasi ya daktari. Hata hivyo, siku ya kwanza alipoonyesha kitambulisho dirishani na kuambiwa apite mbele, alikifunga tena kwenye pindo la kanga, mafundo mawili, akakishika mpaka tulipofika nyumbani.

Yule rafiki yake aliyetoa ushahidi, mzee kuliko bibi kwa mwaka mmoja hivi, hana kitambulisho. Mkutano mkuu wa kijiji unaofuata ni baada ya mavuno, na nimeshamwomba bibi ajiandae, kwani safari hii shahidi ni yeye.