Mkataba wetu wa kitabu cha mapishi

Kitabu chetu cha mapishi ya Tanga kina majina mawili jaladani: la mama jirani yangu kwanza, kisha langu. Kabla ya kuandika hata ukurasa mmoja, tulikaa barazani kwake jioni tatu tukipatana.

Nilikuwa nimeshaumia. Miaka ya nyuma niliandika kitabu cha mazoezi ya shule na mwenzangu, kwa maneno ya mdomo tu. Siku moja nikakuta dukani toleo jipya, limechapwa bila mimi kuambiwa. Nilipoulizia mgawo wangu, nikajibiwa kuwa fedha za kumlipa mchapaji hazikuwa zangu. Sikuwa na karatasi ya kuonyesha.

Safari hii anayeweza kudhulumu nilikuwa mimi. Ujuzi wote ni wa mama: kiasi cha tui, wakati wa kutia iliki, samaki anayefaa kupakwa. Mimi ninaandika tu. Na hakimiliki hulinda maandishi, hailindi ujuzi ulio kichwani mwa mtu. Bila mkataba, mwenye mswada angeweza kudai kitabu chote. Jambo hilo lilininyima usingizi, ndiyo maana kifungu cha kwanza kinatamka kwamba sote ni waandishi na hakimiliki ni yetu nusu kwa nusu.

Fedha tulizimaliza jioni ya kwanza, kahawa haijapoa: aliyelipia uchapaji arudishiwe kwanza kwa risiti, kinachobaki tugawane sawa, hesabu kila miezi 3.

Kilichokula jioni mbili zilizobaki ni kifo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi ya pamoja mpaka mwandishi wa mwisho afariki, kisha miaka 50 zaidi. Nilipomweleza, mama alinyamaza kitambo.

“Mwanangu, basi kitatuzika wote wawili. Na wajukuu wakigombana?”

Nikapendekeza mgawo wa marehemu uende kwa warithi wake, ila aliye hai ndiye awe na idhini ya kubadilisha maandishi. Akakataa katakata.

“Mapishi ya mama yangu yapunguzwe nazi, nami nimo kaburini?”

Alikuwa na haki. Tukakifuta, tukaandika kingine: jina la yeyote kati yetu halitoki jaladani, vipimo vya mapishi havibadilishwi, na anayebaki anaruhusiwa kusahihisha makosa ya chapa tu. Kuchapa tena au kutafsiri kunahitaji ridhaa ya pande zote mbili, warithi wakiwemo.

Nilimpelekea wakili, akanyoosha lugha bila kugusa makubaliano. Kisha nikamsomea mama kifungu kwa kifungu, polepole, binti yake akiwa shahidi wake na kaka yangu shahidi wangu. Tukatia saini nakala tatu. Yake aliifunga kwenye kanga, akaiweka sandukuni pamoja na hati ya nyumba.

Kesho yake alfajiri akaniita jikoni, nije na daftari. Tukaanza na mkate wa kumimina.