Mashine ya kukata nyasi kwa huku Malindi

Mnaouliza chapa gani: usitazame rangi wala stika, tazama injini. Mashine nyingi zenye majina tofauti zimefungwa injini ileile. Honda GXV160 au Briggs & Stratton, spea zake hupatikana. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama ana kisu, plagi, chujio la hewa na kamba ya kuvutia. Akianza kuzungukazunguka, ondoka.

La pili ni bodi. Hewa ya bahari haina huruma na chuma. Rangi ikichunika kidogo tu, kutu inakula kwa ndani, pale majani mabichi yanapogandia. Aluminiamu ni ghali ila hudumu. Ukichukua ya chuma, ikwangue na uikaushe kila ukimaliza kukata.

Mchanga wetu ndio adui mkubwa. Kisu kikiwa chini sana hufyonza mchanga, makali yanaisha na chujio linaziba, kisha injini inakohoa moshi mweusi. Weka urefu wa sentimita 5 au zaidi. Na jiwe la matumbawe lililojificha kwenye nyasi? Likigongwa sawasawa, shafti (mhimili unaozungusha kisu) inapinda. Mashine ikianza kutetemeka baada ya hapo, izime, chomoa waya wa plagi, ndipo uinamie kuangalia.

Oili ya injini iwe SAE 30 au 10W-30 (ndiyo namba za uzito wa oili), na ile ya kwanza kwenye mashine mpya imwagwe mapema. Petroli usiilaze kwenye tangi miezi, hugeuka gundi kwenye kabureta.